Walioletwa Mapokezi

Dada wa mapokezi alikuwa anapanguza kaunta kwa kitambaa cha njano wakati mzee wa kwanza wa siku hiyo alipoletwa. Hakupita mlangoni. Alikuwa hayupo, kisha akawa yupo, amesimama katikati ya ukumbi, mdomo wazi, shavu moja limevimba kwa pamba, na shingoni bado amefungwa kile kinguo cha plastiki ambacho daktari wa meno humfunga mtu asijidondoshee mate. Dada wa mapokezi alimsogezea kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Alimwambia aandike jina, saa ya kuingia na anayekuja kumwona. Mzee alitaka kuuliza jambo, pamba ikamzuia, akaandika.

Baada yake aliletwa mama mwenye mguu uliofungwa plasta mpaka gotini. Kutoka gotini kwenda juu daktari alikuwa hajafika. Akafuata baba aliyepandisha shati hadi kidevuni kwa sababu aliambiwa avute pumzi na kuishikilia, na mpaka anaketi kwenye benchi alikuwa bado ameishikilia. Dada wa mapokezi alimwambia anaweza kupumua. Baba akashukuru.

Hilo lilikuwa jengo la Mfuko wa Matibabu, ambao kazi yake ni kuthibitisha kwamba mgonjwa ni mwanachama kabla hospitali haijamhudumia. Walioletwa hawakuwa wameomba kuja. Walitoweka hospitalini katikati ya matibabu wakatokea hapo ukumbini, na kwa kuwa jambo lenyewe lilianza kidogo kidogo, mmoja leo, wawili kesho, haikupatikana siku ya kulishangaa. Uongozi uliwaita wageni. Taarifa ya mwezi ilisema idadi ya wageni inapanda, dalili kwamba wananchi wanazidi kuupenda Mfuko.

Ghorofa ya pili, katika chumba cha watu wa mifumo, kulikuwa na binti mmoja aliyejua hasa kwa nini wanaletwa. Alikuwa mwandika programu mdogo kuliko wote pale, mwenye stashahada na ulimi. Chuoni walimwita Sindano. Waliomwona kwa mbali walidhani ni kwa sababu ya wembamba wake, na waliowahi kubishana naye hawakuwa na sababu ya kudhani. Alikuwa ameajiriwa kusafisha programu za zamani, na ndani ya programu hizo, kama mtu anayehamisha kabati na kukuta ufa ukutani, alikuta jambo lililokuwa linawaleta watu.

Mfuko ulikuwa na milango miwili, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa mbao. Wa kwanza ulikuwa fomu ya mtandaoni. Mtu anaijaza mwenyewe kwenye simu yake, na akikosea, programu inamrudisha kwenye ukurasa ule ule, alichoandika kikiwa bado kipo, na chini ya kisanduku chenye kasoro panatokea maneno mekundu: namba ya simu imepungua, picha haionekani vizuri. Mtu anasonya, anarekebisha, anatuma tena. Mlango wa pili ulikuwa wa mashine. Hapo kompyuta ya hospitali ilisema na kompyuta ya Mfuko uso kwa uso, kama inafaa kusema hivyo kwa vitu visivyo na uso. Saa ya mgonjwa ikifika, ya hospitali inatuma taarifa zake, ya Mfuko inazihakiki, inajibu. Hakuna ukurasa wala kisanduku, na hakuna mtu anayetazama.

Milango ilikuwa miwili, lakini mdakaji makosa alikuwa mmoja. Ndivyo walivyokiita kipande cha programu kinachoamua la kufanya taarifa zikiwa na kasoro. Mdakaji huyo aliandikwa enzi za fomu peke yake, na alijua kazi moja: mrudishe mtu alikotoka, muonyeshe maneno mekundu. Mlango wa mashine ulipoongezwa, walioongeza hawakumgusa. Kila mmoja alidhani mwenzake amemgusa. Sasa mashine haina ukurasa ilikotoka. Mdakaji alitafuta pa kumrudisha mgonjwa, akapakosa, akafanya kile alichoagizwa afanye akikwama: alimpeleka ukurasa wa mbele, wenye picha ya jengo na maneno ya kukaribisha. Kompyuta ya hospitali ilipojibiwa kwa makaribisho iliona mambo ni shwari, ikaandika kwamba mgonjwa amepokelewa. Sababu ya kukataliwa ilipotelea njiani. Na mgonjwa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoamriwa, alipelekwa mbele ya jengo, kwa mwili wake.

Wengi wao walikuwa wazee, na kasoro yao ilikuwa moja. Walizaliwa ambako hakukuwa na mtu wa kuandika siku, na baadaye makarani, kwa kukwepa usumbufu, waliwapa wote tarehe mosi Januari. Mfuko nao, miaka mingi baadaye, ulikaa kikao ukaona kwamba waliozaliwa tarehe mosi Januari ni wengi kupita kiasi, ukawashuku. Ukaweka kanuni: tarehe hiyo haikubaliki bila kiapo cha mahakama. Kwenye fomu kanuni ilijieleza kwa adabu, kwa maneno mekundu, na ikaonyesha mahali pa kuweka kiapo. Kwenye mlango wa mashine ilifyata mdomo.

Sindano aliandika marekebisho siku ile ile alipogundua. Yalikuwa mafupi kiasi kwamba mtu angeweza kuyasoma amesimama. Mdakaji aulize kwanza anayebisha ni nani. Akiwa mtu wa fomu, mrudishe kwenye fomu yake na maneno yake mekundu, usimpotezee alichoandika. Ikiwa mashine, usimpeleke mtu yeyote mahali popote. Iambie hapo hapo kwamba umekataa, uitajie kila kasoro na mahali ilipo, ili hospitali ijue na irekebishe. Aliyajaribu, yakafanya kazi. Akayapeleka kwa mkuu wa mifumo, kwa sababu ufunguo wa kuingiza programu mpya kwenye seva alikuwa nao huyo peke yake.

Mkuu wa mifumo aliitwa Bwana Asilimia, ingawa si mbele yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lisilokunjamana, na ukutani kwake palikuwa na kioo kinachoonyesha maombi ya mashine yaliyojibiwa bila kosa. Kioo kilisema asilimia mia. Aliyasoma marekebisho mpaka mwisho, akavua miwani.

"Binti, hii itatuongezea makosa."

"Haiongezi, bosi. Inayataja. Makosa yapo tayari, yamekaa kwenye benchi pale chini."

"Yale ni wageni. Kosa ni lile linaloonekana hapa." Akaelekeza miwani kwenye kioo. "Mimi nikaseme nini mbele ya bodi? Kwamba tulikuwa mia, tukamsikiliza binti wa stashahada, tukashuka?"

Sindano alimwambia anaweza kusema hivyo hivyo, neno kwa neno, na kama anaona taabu yeye atamwandikia. Bwana Asilimia alicheka kidogo, akamwambia ayapeleke kwa kamati ya mabadiliko. Kamati ya mabadiliko ilikuwa yeye, naibu wake, na kiti kimoja ambacho hakijapata mtu.

Hayo yote yalikuwa ya kukera tu, ya kumfanya Sindano afunge mlango kwa nguvu, mpaka mama yake mkubwa alipoletwa.

Mama mkubwa alikuwa mshona magodoro. Ndiye aliyemlea Sindano tangu mama mzazi alipofariki, akamsomesha kwa godoro moja baada ya lingine, na nyumba nzima walikula, walilala na kupiga chafya katika sufi. Mwaka huo figo zake zilianza kugoma. Miguu ikavimba. Daktari alisema damu yake isafishwe kwa mashine kila wiki, akampangia Alhamisi asubuhi, kitanda cha dirishani, na mama mkubwa akaona amependelewa.

Alhamisi ya kwanza Sindano alikuwa anashuka kuchukua chai alipomkuta katikati ya ukumbi. Alikuwa amesimama na gauni la hospitali lililofungwa mgongoni kwa vikamba, mkono mmoja ameunyoosha, na mkononi mirija miwili ikining'inia, imekatika. Damu ilikuwa inadondoka kwenye vigae, tone kwa tone, bila haraka. Dada wa mapokezi alikuwa amekwishamwita mfanya usafi.

"Kumbe ndipo kazini kwako hapa," mama mkubwa alisema, akitazama huku na huku. "Baridi yote hii ya nini, mwanangu? Mnahifadhi nyama?"

Sindano alimkalisha, akamfunga mkono kwa leso yake, akambana mpaka damu ikakata. Mama mkubwa aliandika jina lake kwenye kitabu cha wageni kwa mkono wa kushoto, na palipoulizwa anakuja kumwona nani, akaandika: mwanangu.

Mchana wa siku hiyo uongozi ulitoa tangazo kuzitaka hospitali zihakikishe wageni wanafika wakiwa safi.

Sindano hakuhitaji kubahatisha. Mama mkubwa alizaliwa tarehe mosi Januari, kama kina dada zake wote, na kama mume wa mmoja wao aliyezaliwa wilaya nyingine. Jioni ile Sindano aliketi naye kibarazani akaijaza fomu ya mtandaoni kwa ajili yake. Maneno mekundu yalitokea chini ya tarehe, yakataka kiapo. Walikwenda mahakamani wakakipata. Akakiweka. Maneno mekundu yakahamia juu ya ukurasa, kwa ukarimu ule ule: mgonjwa huyu tayari anahudumiwa na hospitali, tafadhali msajilishe kupitia hospitali yake.

Akakichukua kiapo akaenda nacho hospitali. Nesi wa chumba cha mashine alikuwa mwanamke mwenye huruma na macho ya mtu asiyelala, na alimsikiliza. Akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Pale kwenye jina la mama mkubwa palikuwa na alama ya kijani na neno moja, amepokelewa. Aliyepokelewa hafunguliwi kusahihishwa, nesi alieleza. Kisanduku cha tarehe kilikuwa kimefungwa, ukikibonyeza hakisikii.

"Amepokelewa na nani," Sindano aliuliza, "wakati mmemtafuta chumba kizima hamkumwona?"

"Dada, mimi nilishika mrija, upande wa pili hakuna mtu. Unadhani sikuona?" Nesi alirudisha kioo mahali pake. "Lakini mashine haiwaki mpaka kompyuta iulize Mfuko, na ikiuliza, anakwenda. Nenda kawaambie wenzako."

Wenzake. Neno hilo Sindano alirudi nalo kama kijiwe ndani ya kiatu. Palikuwepo hospitali ya wenye pesa, isiyouliza Mfuko jambo lolote, yenye bustani na chemchemi, ila kwa mshona magodoro ilikuwa sawa na kama haipo.

Alhamisi zilizofuata nesi alijifunza kutomchoma sindano ya mashine kabla ya saa yake, ili akienda aende mzima. Mama mkubwa naye alijifunza. Alianza kwenda hospitali na kazi yake kwenye mfuko: kitambaa cha godoro, uzi, na ile sindano ndefu iliyopinda. Alipoletwa ukumbini alikaa mwisho wa benchi akaendelea pale alipoishia. Alimshonea dada wa mapokezi mto wa kukalia, kwa sababu alimwona anaugulia mgongo. Wazee wenzake walimzoea. Walikaa wakiulizana habari za miguu na macho, na aliyekuja na pamba mdomoni alisubiriwa mpaka aitoe. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya kwa nini ameletwa. Mmoja alisema ni kwa sababu hakumsalimia karani. Mwingine alikuwa na hakika kwamba ni dhambi moja ya zamani, hakutaka kuitaja, ila alisema anaijua.

Hilo ndilo lililomchoma Sindano kuliko yote. Mle ndani ya seva, kwa kila mmoja wao, sababu ilikuwa imeandikwa wazi, kwa lugha ambayo mtoto wa shule angeielewa, kisha ikatupwa. Na hapa chini watu wazima walikuwa wanapekua maisha yao kutafuta walipokosea. Alisimama mbele yao siku moja akawaambia. Aliwaeleza habari za mosi Januari, za mdakaji, za ukurasa wa mbele. Walimsikiliza kwa heshima. Yule mzee wa dhambi alimwambia, asante mwanangu, lakini hata hivyo.

Na miguu ya mama mkubwa ilikuwa inazidi kuvimba. Uso ukajaa, pete ikakatwa kidoleni. Akawa anashona mishono michache, anapumzika, anasahau alikuwa anashona nini. Sindano aliyapeleka marekebisho kwa kamati, akayapeleka tena. Mara ya kwanza kamati ilitaka maelezo zaidi. Mara ya pili ilisema maelezo yamezidi. Mara ya tatu ilisema ni mwisho wa mwaka, programu haziguswi, kwa sababu bodi inaandaa sherehe ya asilimia mia. Alimfuata Bwana Asilimia hadi kwenye maegesho, akashika mlango wa gari, akamwambia kwamba mwanamke anayekaa mwisho wa benchi anakufa, na kinachomuua kinasahihishwa kwa kazi ya dakika ambazo yeye, bosi, huzitumia kufuta miwani. Bwana Asilimia alisema anasikitika sana. Alikuwa anasikitika kweli, macho yalimlowa. Kisha akaomba mlango wake.

Mama mkubwa alikufa Ijumaa, mchana, juu ya godoro aliloshona mwenyewe, Sindano akiwa amempakatia miguu iliyojaa kama mito. Maneno yake ya mwisho yalihusu mteja mmoja ambaye godoro lake lilikuwa tayari.

Siku ya pili baada ya mazishi Sindano alijaza fomu ya kutoa taarifa ya kifo. Maneno mekundu yalimjibu mara moja: hakuna mwanachama mwenye jina hili, tafadhali msajili kwanza. Aliyasoma, akayasoma tena, akafunga simu. Akaenda hospitali. Nesi alimkumbatia. Kisha akamwambia kwamba jina la aliyepokelewa haliondolewi kwenye orodha ya mashine mpaka Mfuko uthibitishe kwamba amekufa.

Kwa hiyo Alhamisi ilipofika, saa yake, kompyuta ya hospitali ilimtuma, na mama mkubwa akaletwa.

Alikuwa na gauni lake la kazini, lenye sufi mabegani. Uvimbe ulikuwa umekwisha, pete imerudi kidoleni. Aliangalia benchi, akaenda mwisho wake, akakaa. Dada wa mapokezi alimpa pole ya msiba, kwa kuwa hawakuwa wameonana tangu siku hiyo, akamsogezea kitabu. Mama mkubwa aliandika jina.

Sindano alishuka akakaa naye. Walishikana mikono. Wa mama mkubwa ulikuwa wa uvuguvugu, kama kikombe kilichoachwa mezani. Aliuliza kama yule mteja alikuja kuchukua godoro. Sindano akasema alikuja, akalisifu. Wakakaa jinsi walivyokuwa wakikaa kibarazani, mpaka saa yake ya kitanda ilipopita, na mama mkubwa akawa hayupo.

Hakuwa yeye peke yake. Wiki baada ya wiki benchi lilichanganya waliobaki hai na waliokwisha kufa, na isingekuwa kwamba wafu hawakuomba maji ya kunywa, dada wa mapokezi asingewatofautisha. Uongozi ulinunua benchi la pili. Taarifa ya mwezi ilisema wageni wa Mfuko sasa ni wa rika na hali zote.

Sindano aliyapeleka marekebisho tena. Safari hii Bwana Asilimia alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akafunga mlango. Alizungumza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Nimesikia mama yako anakuja kila Alhamisi. Mnakaa, mnaongea." Akamsogezea kikombe. "Ukirekebisha hiki, hatakuja tena. Umelifikiria hilo, binti?"

Alikuwa hajalifikiria. Au alikuwa amelifikiria, akalizungushia uzio asilione. Chai ilipoa mbele yake. Alitoka bila kuaga, na siku zile mpaka Alhamisi hakuufungua ukurasa wa marekebisho hata mara moja, jambo ambalo Bwana Asilimia aliliona, akaridhika.

Alhamisi alimweleza mama mkubwa. Alimwambia yote, na sehemu ile ya mwisho aliisema akiangalia vigae. Mama mkubwa alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, aliupitisha kwanza.

"Wako watu wanatembelewa na wafu wao," alisema, "na ni jambo jema. Lakini mimi sikukutembelea, mwanangu. Nimeletwa. Ningekuja mwenyewe ningekuja nyumbani, nikabisha hodi, nikakuta umepika. Siyo kuwekwa hapa kwenye baridi niandike saa ya kuingia."

"Nikirekebisha sitakuona."

"Utakosa kuniona kama watu wanavyokosa kuwaona watu wao. Utalia, utaoga, utakwenda kazini." Alivuta uzi, akapima urefu wake kwa mkono. "Huyo bosi wako asinifanye mimi kisingizio. Sikuwa kisingizio cha mtu nilipokuwa hai. Mwambie nimesema."

Sindano alipanda ngazi mbili mbili. Hakubisha. Alimwambia Bwana Asilimia, mbele ya naibu wake na mbele ya kile kiti kisicho na mtu, kwamba marehemu amesema asifanywe kisingizio, na kwamba marekebisho yako mezani, na kwamba kila asubuhi atayaleta upya mpaka ama yaingie ama yeye atolewe. Aliyasema kwa Kiswahili cha namna yake, na naibu alikiri baadaye kwamba hakuwahi kusikia mtu akitukanwa bila tusi namna ile.

Bwana Asilimia aliyapokea. Alisema kamati itayatazama robo ijayo, au ile inayofuata. Aliongeza kwamba, kwa upande wake, uongozi haukukaa bure, umeyasikia malalamiko ya mlinzi wa mlangoni. Mlinzi alikuwa ameajiriwa kukagua kila anayeingia, na hawa hawakuingia, kwa hiyo hakuwa na pa kuwakagulia. Kuanzia siku hiyo, kila aliyeletwa atakaguliwa wakati wa kutoka.

Alikuwa hajamaliza kusema wakati sauti ya mtu anayelia ilipopanda kutoka ukumbini, na Sindano akashuka.

Katikati ya ukumbi palikuwa na msichana mwenye umri mdogo, na kanga iliyolowa maziwa kifuani. Mikono yake miwili ilikuwa imejikunja mbele yake, kiganja kimoja chini, kiganja kimoja pembeni, namna mtu anavyopakata mtoto mchanga, na ndani ya mikono hapakuwa na kitu. Alikuwa anampa nesi mtoto apimwe uzito, alisema. Alikuwa hajamwachia vizuri. Hakujua kama nesi amemdaka.

Kasoro yake Sindano aliiona baadaye kwenye seva, imeandikwa vizuri: jina la mtoto linahitajika. Mtoto alikuwa na umri wa siku chache, hajapewa jina, na taarifa zilizotumwa zilikuwa za mama yake. Lakini pale ukumbini hakuna aliyejua, wala hakuna aliyekuwa anaambiwa.

"Nimekosea nini?" msichana aliuliza. Alimuuliza dada wa mapokezi, akamuuliza mlinzi, akawauliza wazee kwenye benchi. "Nilijibu yote waliyoniuliza. Nimekosea wapi?"

Yule mzee wa dhambi alifungua mdomo. Mama mkubwa alimtazama, akaufunga.

"Hukukosea kitu," mama mkubwa alimwambia msichana. "Usijitafutie kosa. Kimbia."

Msichana alikimbia. Mlangoni mlinzi alinyoosha mkono, akamsimamisha, akamweleza taratibu mpya, kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Sindano alikuwa ameshafika, akamwambia amwachie, mtoto yuko peke yake huko. Mlinzi alisema ndiyo, dada, dakika moja tu, ni agizo la juu. Akamwomba msichana ainue mikono.

Msichana alijaribu. Mikono ilikuwa imekataa kuachia umbo la mtoto, na ilibidi aikunjue polepole, mmoja halafu mwingine, ndipo akaiinua juu, na mlinzi akaanza kumpapasa.